Fidia ya Aliyeumia Kazini: Ni Haki au Ni Hisani?

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya haya, ndugu msomaji, katika karatasi hizi twataka kuuliza suali moja ambalo wengi wetu tulio na watu wa kututumikia hatupendi kuulizwa. Mtu akiumia katika kazi yako, kile umpacho baada ya kuumia ni haki yake iliyo juu yako, au ni hisani itokayo moyoni mwako? Mambo haya mawili hufanana machoni pa watu, lakini mbele ya kadhi na mbele ya Mola yana umbali mkubwa. Mwenye kutoa hisani hushukuriwa akitoa, wala hashitakiwi akizuia. Mwenye kulipa deni hana shukrani ya kudai, na akizuia hali anacho, ni dhalimu.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, ili asije mtu akadhani kuwa nawalaumu wengine hali mimi nimesalimika.

Miaka kadhaa iliyopita nilisafiri hata Bariadi kununua mashudu ya pamba. Kwa asiyepajua, Bariadi ndio makao makuu ya mkoa wa Simiyu, mkoa uliotengwa na Shinyanga mwaka 2012, katika nchi ya Wasukuma. Na mkoa huo ni katika iliyo mbele kabisa kwa kilimo cha pamba. Ukifika wakati wa mavuno utayaona malori yamejaa pamba, na viwanda vya kuichambua vyanguruma. Nyuzi huenda upande wake, na mbegu huenda kukamuliwa mafuta, na kile kibakiacho katika mbegu ndicho mashudu, chakula cha mifugo. Nilikodi lori, nikaajiri hamali wanne wa kupakia magunia. Mmoja wao, kijana, aliteleza juu ya shehena akaanguka, na mkono wake ukavunjika. Nikampeleka hospitali, nikalipa gharama za siku ile, nikamtilia mkononi fedha kidogo ya chakula. Watu waliokuwapo wakanisifu, wakasema, "Huyu tajiri ana huruma." Nami, Mungu anisamehe, nikaifurahia sifa ile.

Jioni nalikaa barazani kwa mzee mmoja wa mji ule. Akaniuliza, "Mwanangu, zile ulizompa yule kijana ni sadaka au ni deni?" Nikamjibu, "Ni sadaka, mzee wangu; mimi sikumsukuma." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ujira wa leo umemlipa. Wa kesho atalipwa na nani, na wa mwezi ujao? Na lile lori alilolipanda lilikuwa likipakia mali ya nani?" Nikakosa jawabu, nikarudi pwani na suali lake.

Tutazame kwanza sheria ya nchi, kwani wengi wetu twaihukumu kabla ya kuijua. Zamani Tanzania Bara ilikuwa na sheria iliyorithiwa tangu zama za Waingereza. Malipo yake yalikuwa na kikomo: aliyepata kilema cha daima hakupewa zaidi ya shilingi 108,000, na akifa, walioachwa hawakupewa zaidi ya shilingi 83,000. Thamani ya fedha ikapungua mwaka hata mwaka, na hesabu zile zikasimama pale pale, hata mkono wa mtu ukawa rahisi kuliko ng'ombe. Ndipo ikatungwa sheria mpya mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukaanza kazi tarehe 1 Julai 2015. Visiwani wana sheria yao mbali, na Kenya wana yao ya mwaka 2007. Lakini maana yao ni moja, nayo ni kuwa aumiaye kazini asiachwe na msiba wake peke yake.

Kwa sheria hii ya Bara, kila mwajiri, wa serikali na wa binafsi, yampasa ajiandikishe katika Mfuko na kuchanga kila mwezi. Mwajiri wa binafsi hapo mwanzo alichanga moja katika mia ya mishahara anayolipa. Kisha ikapunguzwa, na tangu mwaka 2022 ni nusu ya moja katika mia. Mwenye watu kumi, kila mmoja akimlipa shilingi 300,000, mishahara yake ni shilingi 3,000,000, na mchango wake ni shilingi 15,000 tu kwa watu wote kumi. Na mchango huu watoka kwa mwajiri peke yake. Hana ruhusa kuukata katika mshahara wa mtu.

Na aliyeumia hupata nini? Hupata matibabu. Akizuilika na kazi kwa muda, hupata sabini katika mia ya mshahara wake, kwa muda usiozidi miezi 24. Yule wa shilingi 300,000 atapata 210,000 kila mwezi naye yu kitandani. Akibaki na kilema cha daima, madaktari hukipima: kisipozidi thelathini katika mia hulipwa fedha zake kwa mara moja, na kikizidi hulipwa kila mwezi. Kama hawezi kujihudumia, yako malipo kwa ajili ya mtu wa kumtazama. Na iko huduma ya kumrudisha katika kazi aiwezayo. Akifa, uko msaada wa mazishi, na mjane na watoto hulipwa. Wala si ajali peke yake. Maradhi yatokanayo na kazi nayo yamo, kama maradhi ya mapafu yawapatayo wavutao vumbi la pamba siku nyingi. Sharti lake ni kuwa aliyeumia ampashe mwajiri habari mara moja, na mwajiri aupashe Mfuko habari katika siku 7 tangu ajue, na madai yasicheleweshwe hata ipite miezi 12.

Hii ndiyo sheria. Sasa twarudi katika suali letu: je, sheria hii imewapa wafanyakazi zawadi, au imewarudishia kilicho chao?

Jambo la kuzingatia ni hili. Mtu akujiriapo, hukuuzia kazi yake ya siku ile, wala hakukuuzia mkono wake. Ujira ni thamani ya kazi. Mkono alikuja nao asubuhi kwa ajili ya watoto wake, na jioni ataka kurudi nao kwao. Ukiazima jembe la jirani likavunjika katika shamba lako, waona haya kumrudishia mpini mtupu ukamwambia "Mungu akulipe." Basi vipi kwa mkono wa mwanadamu ukaona kuwa mpini watosha? Na tena wanazuoni wa fiqhi wana kanuni ijulikanayo, kuwa mwenye kuchuma faida ya kitu ndiye achukuaye na hasara yake. Faida ya mashudu yale ilikuwa yangu. Yule hamali hakuwa na fungu katika bei niliyouzia. Ikiwa hakuniingilia katika faida, kwa nini nimwingize katika hasara, tena hasara iliyo kubwa kuliko yote, ya kiungo chake?

Huenda mtu akasema: "Haya ya kuchanga watu wengi kwa ajili ya mmoja ni mambo ya kigeni." La. Katika sharia yetu, mtu akiua kwa bahati mbaya, diya haiwi juu yake peke yake. Huchukuliwa na jamaa zake wa upande wa baba, waitwao 'aqila, ili mzigo usimvunje mmoja. Na Sayyidna Umar bin Al-Khattab (r.a.), alipoweka daftari za askari, aliwafanya walioandikwa katika daftari moja kuchukuliana diya katika posho zao. Wanazuoni wa Kihanafi wamelishika jambo hili. Mashafii, nao ndio wengi wetu pwani, wamebaki na jamaa wa nasaba. Lakini hapana aliyekanusha hekima yake, kuwa msiba ugawanyikao kwa wengi huchukulika. Tena Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1985, lilitenga baina ya bima ya biashara, likaikataza, na bima ya kusaidiana, likaikubali. Mfuko ambao sheria imeuweka ili kuwalipa walioumia, msomaji atazame mwenyewe wafanana na ipi katika hizo mbili.

Na wako wasemao: "Ni kadari." Neno hili ni la kweli, lakini tutazame latoka katika kinywa cha nani. Aliyeumia akilisema, limemfariji, na ni katika subira yake. Mwajiri akilisema ili asilipe, amelifanya pazia. Mbona ghala la huyo mwajiri likiungua, hawaambii waliomkopa mali yake kwamba kadari imekwisha kuwafutia deni? Kadari imekadiria kuanguka kwa yule kijana, na imekadiria pia kuwa mimi niwe na fedha ya kumlipa. Kwa nini niamini ya kwanza na kuikanusha ya pili?

Lakini iko hoja yenye nguvu kuliko hii, nayo yataka jawabu la insafu. Tarehe 13 Januari 2024, katika Ng'alita, wilaya hiyo hiyo ya Bariadi, machimbo ya dhahabu yaliporomoka, wakafa watu 22, wengi wao vijana. Ilikuwa zama za mvua, na watu walikuwa wamekatazwa kuchimba mahali pale kwa khofu ya hayo hayo yaliyotokea. Mungu awape subira jamaa zao. Mimi sijui habari za baina ya wachimbaji wale, wala simtuhumu mtu. Nauliza kwa jumla. Katika machimbo madogo mengi, mchimbaji hana mshahara wala hati. Hupewa fungu katika mawe yatokayo. Mwenye ardhi ana fungu lake, na mwenye shimo ana lake. Shimo likiporomoka, kila mmoja husema, "Huyu hakuwa mtu wangu." Na mwenye kujua elimu huenda akaongeza: imo katika hadithi sahihi, kwa Bukhari na Muslim, kuwa machimbo hayana dhamana, na wanazuoni wameieleza kuwa mtu akiajiri watu wamchimbie, yakawaporomokea, hana diya juu yake.

Hadithi ni ya kweli, na maelezo hayo ni ya kweli. Walakini tuyatazame masharti yake. Wanazuoni wamesema hayo kwa mtu asiyefanya uadui: aliyechimba mahali palipo pake au pasipo na mwenyewe, bila ya kumdhuru mtu. Mwenye kuchimba katika njia ya watu pasipo ruhusa, wamemtia katika dhamana. Basi mwenye kuwashusha watu chini ya udongo uliolowa, bila ya miti ya kuuzuia, naye amekwisha kuonywa, kwa fahamu yangu si haki yake kujificha nyuma ya hadithi hii. Na jambo la pili: kusema kuwa asili haikumlazimisha mtu dhamana si kusema kuwa ameharamishiwa kuichukua. Waislamu hushikamana na sharti walizojifunga nazo, na lijulikanalo katika ada ni kama lililoshurutishwa kwa ulimi. Mwenye kuajiri leo katika nchi iliyo na sheria ya fidia ameajiri juu ya sheria hiyo, ameitaja asiitaje. Na anayewaficha watu wake wasiandikwe, ili siku ya msiba aseme hawakuwa wake, amewanyima haki tangu siku ile aliyowaficha, hata kama hakuna aliyeumia.

Basi, ndugu zangu wenye malori, na majahazi, na majengo, na maduka, yatupasa mambo matatu. Tuwaandike watu wetu na kuwachangia. Mtu akiumia, tupeleke habari yake upesi kama tupelekavyo habari ya mali yetu iliyoibiwa. Na tuwaambie haki yao kabla hawajaumia, kwani haki isiyojulikana na mwenyewe ni kama mali iliyozikwa.

Ama mimi, nilirudi Bariadi msimu wa pili, nikamtafuta yule kijana. Nilimkuta mkono umeungana vibaya, hawezi tena kunyanyua gunia; mkewe ndiye aliyekuwa akiuza mboga wakala. Nikahesabu naye siku alizokaa bila ya kazi, nikamlipa ujira wake, na juu yake kwa ajili ya mkono, kwa kadiri tuliyopatana mbele ya yule mzee. Nikamwomba radhi kwa kumchelewesha. Alizishika zile fedha, akanitazama kwa mshangao, akasema, "Tajiri, mbona mimi nalidhani ulikwisha nilipa siku ile?"

Neno lile lilinichoma kuliko lau angenitukana. Mwaka mzima alikuwa akinidai, naye akiniombea dua kwa hisani yangu.

Wallahu a'lam.