Barua Mkobani

Alfajiri hii basi la wafanyakazi linapita Kahama, na huenda ndani yumo dada aliyerudi juzi tu kutoka likizo ya uzazi, kajifunga khanga kifuani maziwa yasilowanishe sare. Mkobani ana barua ya kazi mpya, Geita. Kinachomkosesha usingizi ni maneno ya ofisini: ukiondoka, utarudisha pesa za likizo.

Tulia kwanza, dada. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 zenye malipo, 100 akijifungua pacha. Hizo ni haki yako, si mkopo. Cha kuchunguza ni kilichozidi hapo: kuna waajiri wanaoongeza miezi kwa masharti, na sharti lenyewe hujificha ukurasa wa mwisho, jirani na sahihi yako. Hapo deni laweza kuwepo kweli. Omba nakala ya mkataba, isome na mtu wa chama cha wafanyakazi, ndipo uandike barua ya kuacha kazi.

Na huko Geita uliza mapema zile saa za kunyonyesha, hadi mbili kwa siku. Zimo kwenye sheria hiyohiyo, ingawa mabosi wengi huzisahau.