Dawa kwa Kura: Je, ni Haki?

Muuguzi akisimama mbele ya mgonjwa mahututi, naye ana dawa kadha wa kadha mkononi, moyo humwambia: Mpe ile unayoisadiki. Nani atamlaumu? Lakini tuulize: kusadiki huko kumetoka wapi?

Mwaka 1995 Ebola ilipoingia Kikwit, waganga waliwaongezea wagonjwa 8 damu ya watu waliopona. Wagonjwa 7 wakapona. Ilikuwa furaha kubwa! Walakini hakuna aliyeweza kusema kwa hakika kwamba damu ndiyo iliyowaponya. Walipewa siku za mwisho za maradhi yale, uuguzi ulipokuwa umekwisha kutengenezwa. Wala hawakulinganishwa sawasawa na wagonjwa wengine.

Mwaka 2018 Ebola ikatokea Kivu ya Kaskazini. Mwezi wa Novemba Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake wakaanzisha uchunguzi, ukaitwa kwa Kiswahili Pamoja Tulinde Maisha. Wagonjwa wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina walipewa dawa moja katika nne, si kwa kuchaguliwa na mganga, ila kwa kura.

Hapo mtu atanung'unika: Je, uhai ni kitu cha kupigiwa kura? Swali hilo lastahili jibu. Kura ingekuwa dhuluma kama mganga angaliijua dawa iliyo bora, akamnyima mgonjwa. Lakini hakuijua. Tena akichagua mwenyewe, huenda atawapa wenye nguvu dawa hii, na wanyonge ile. Mwishowe hatajua kama ni dawa iliyoponya au ni nguvu ya mwili. Kura haina ndugu wala mgeni. Tena mgonjwa au jamaa yake aliulizwa kwanza, akakubali. Na wote waliuguzwa kwa uangalizi uleule.

Agosti 2019 hesabu ikasema wazi. Kwa ZMapp, dawa iliyotumainiwa kwanza, walikufa karibu watu 50 katika 100. Kwa remdesivir, 53. Kwa mAb114, iliyotokana na damu ya mtu aliyepona Kikwit, walikufa 35. Kwa REGN-EB3, karibu 34. Mara kura ya dawa nne ikakomeshwa, na wagonjwa waliofuata wakapewa moja ya hizi mbili za mwisho.

Tusifiche neno: wengine walipata dawa dhaifu, wakafa. Lakini pasipo kulinganisha, dawa hiyo dhaifu ingaliendelea kutolewa kwa moyo mwema, mwaka hata mwaka, na hakuna ambaye angalijua ni wangapi waliopotea.

Basi ninyi vijana mnaosomea uuguzi, msidhani kwamba kuhesabu na kulinganisha ni kazi ya wataalamu wa mbali. Jifunzeni kuuliza vema, kumwomba mgonjwa ruhusa, na kuandika yote, waliopona na waliokufa, hata yanayopinga matumaini yenu. Mgonjwa wa kesho anawadai kweli hiyo.