Kimo cha Mtoto

Bwana wetu aliwauliza wanafunzi wake ni nani kati yao ambaye, kwa kuhangaika tu, aweza kujiongezea kimo. Je, wazazi wampelekao mtoto kudungwa sindano ili akue wamepungukiwa imani? Sivyo, wasomaji wapenzi. Bwana alikemea wasiwasi, hakukemea tiba. Naye Yoshua bin Sira afundisha kwamba dawa zatoka kwa Mungu.

Tutazame ugonjwa mmoja wa kurithi uitwao sistinosi. Ni wa nadra sana: humpata mtoto mmoja katika kila watoto 100,000 au 200,000 wazaliwao. Sistini, kitu kidogo kitokacho katika protini, hukwama ndani ya chembe za mwili na kuganda humo, na figo huharibika kwanza. Mtoto huzaliwa akionekana mzima, kisha hushikwa na kiu isiyokwisha, hukojoa mno, mifupa hulegea, na kimo husimama. Asipotibiwa, figo hufa afikapo miaka kama 10. Dawa ya sisteamini, iliyokubaliwa Marekani mwaka 1994, huchelewesha madhara hayo.

Abakiye mfupi aweza kupewa homoni ya ukuaji, sindano kila siku kwa miaka. Zamani ilitolewa katika tezi iliyo chini ya ubongo wa maiti. Marekani na Uingereza zikaiacha mwaka 1985, ilipojulikana kuwa wengine walipata kwayo ugonjwa wa ubongo wenye kuua. Siku hizi hutengenezwa kiwandani. Haiponyi figo, ila humsaidia mtoto kukua.

Basi mume asimlaumu mkewe, wala jirani asinong'one habari za uchawi. Urithi huo hutoka kwa baba na mama pamoja, nao wenyewe ni wazima. Katika kila mimba, hatari ni moja kati ya nne.

Dawa hizi ni za gharama kubwa. Mwenye uwezo azitafute bila kuchelewa. Asiye na uwezo asijihukumu: Papa Pio wa Kumi na Mbili alifundisha mwaka 1957 kwamba hatufungwi kutumia njia za tiba zilizo mzigo mzito kupita kiasi. Lakini sisi majirani tusijifiche nyuma ya neno hilo, bali tumsaidie kuubeba mzigo wake.

Tena tusimcheke mtoto mfupi. Bwana hakungoja Zakayo arefuke. Alimwita kwa jina lake, akaingia nyumbani mwake.