Somo la 8: Mungu Huanza na Kilichobaki

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Ruthu 1–4, Ayubu 14:7–14, Ayubu 19:13–14, Ayubu 42:10–17, Zaburi 90:10–12, Yakobo 2:1–4.

Fungu la Kukariri: Ruthu 4:15. Lisome katika Biblia yako kila siku ya juma hili mpaka uweze kulisema bila kutazama.

Makambako ni mji wa njia panda. Barabara kuu ya kwenda Mbeya na Tunduma inapita hapo, ya kwenda Njombe na Songea inaanzia hapo, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ina stesheni hapo. Mji wa namna hii humwinua mtu haraka, na humwangusha haraka. Lori la mbao likipinduka, au bei ya viazi ikishuka wakati deni la benki limeiva, nyumba hupigwa mnada mbele ya majirani.

Kijana akianguka huambiwa kwamba bado ana miaka. Je, aliye na miaka sitini aambiwe nini? Kiinua mgongo kimekwisha, magoti yanauma, na watu waliokuwa wakimwita bosi sasa wanavuka barabara wasikutane naye. Juma hili tutajifunza kutoka kwa Naomi na Ayubu kwamba Mungu hamsubiri mtu arudishiwe alichopoteza ndipo amtumie. Huanza na kilichobaki.

JUMAPILI: Kurudi Katika Mji Uleule

Soma Ruthu 1:1–7, 19–21. Ni jambo gani lilikuwa gumu zaidi kwa Naomi siku aliyoingia Bethlehemu?

Naomi aliondoka Bethlehemu akiwa na mume na wana wawili. Baada ya miaka kama kumi alirudi akiwa mjane, amewazika wote watatu Moabu. Mji mzima ukataharuki kwa ajili yake, na wanawake wakaulizana kama kweli ni yeye. Umaskini ni mzigo, lakini kutazamwa ukiwa maskini na watu waliokujua ukiwa nacho ni mzigo wa pili.

Ndiyo maana wengi wakifilisika huhamia mahali wasipojulikana. Wengine hawahami mji, bali huhama kanisa. Gari limeuzwa, suti imechakaa, na kiti cha mbele hakikaliki tena. Basi Sabato huwakuta nyumbani, milango imefungwa. Naomi alirudi kwa sababu moja: alisikia kwamba Bwana amewajilia watu wake na kuwapa chakula. Alikwenda mahali mkono wa Mungu ulipokuwa ukifanya kazi, ijapokuwa hapo ndipo macho ya watu yalipokuwa mengi. Tena hakujifanya mzima. Alieleza uchungu wake waziwazi, hata akataka jina lake libadilishwe, na hatusomi popote kwamba Mungu alimkemea.

Je, kuna mahali umeacha kwenda kwa sababu unaogopa kuonekana ulivyo sasa?

JUMATATU: Hesabu Isiyo Kamili

Soma Ruthu 1:21–22, 2:19–20, 3:1–4. Naomi alisema amerudi bila kitu. Je, hesabu yake ilikuwa sahihi?

Wakati Naomi anawaambia wanawake kwamba Bwana amemrudisha hana kitu, Ruthu amesimama kando yake. Huyu ndiye aliyeacha baba, mama na nchi yake ili amfuate. Naomi alihesabu makaburi matatu, akasahau kumhesabu mtu mzima aliyekuwa hai. Hasara kubwa hufanya hivyo: hutufundisha kuhesabu vilivyoondoka tu.

Tazama vingine vilivyobaki. Walifika mwanzo wa mavuno ya shayiri. Naomi alijua ukoo wa mumewe, alimjua Boazi, na aliijua desturi ya jamaa wa karibu kukomboa. Ruthu alikuwa na nguvu za kuokota masazo, lakini hakuwa na ujuzi huo. Nguvu za kijana na ujuzi wa mzee viliungana, na nyumba iliyokufa ikasimama.

Aliyefanya biashara ya mbao Njombe kwa miaka thelathini anaweza kunyang'anywa mashine na shamba. Lakini dalali hawezi kupiga mnada jicho linalotambua mbao mbichi, wala kumbukumbu ya nani hulipa na nani halipi. Huenda pia yupo mke aliyebaki wakati marafiki walipoondoka, au mkwe ambaye hakuwahi kumhesabu.

Andika leo mambo matano ambayo hasara yako haikuyachukua.

JUMANNE: Kisiki

Soma Ayubu 14:7–14. Kwa nini Ayubu aliuonea mti wivu?

Kila mkulima wa Njombe anajua tofauti ya mlingoti na msindano. Ukikata msindano umemaliza; ukitaka mwingine, panda mche. Ukikata mlingoti, baada ya mvua kisiki hutoa machipukizi, na mwenye shamba huchagua machache yaliyo imara na kuyaacha yakue.

Ayubu aliujua mti wa namna hiyo. Alisema mti uliokatwa una tumaini, kwa kuwa kwa harufu ya maji tu utachipuka. Lakini tusome kwa uaminifu: alisema hayo kwa huzuni, akimlinganisha na mwanadamu ambaye akifa hulala. Alijiona yeye ni msindano. Hata hivyo, katika fungu la 14 anauliza kama mtu akifa ataishi tena, na anasema atangoja. Tumaini la mwisho la Mkristo ni ufufuo, wala hakuna mafanikio ya biashara yanayoweza kuchukua nafasi yake. Lakini Mungu awezaye kumwita mtu kutoka kaburini hashindwi na mtu wa miaka sitini aliye hai.

Kumbuka pia kwamba chipukizi haliwi mti uleule kwa siku moja. Huanza jembamba. Anayetaka kuanza upya akiwa na ukubwa wake wa zamani hataanza kamwe.

JUMATANO: Kipande Kimoja cha Fedha

Soma Ayubu 19:13–14 na 42:10–12. Ni nani walioshiriki katika kumwinua Ayubu?

Mara nyingi tunasoma kwamba Bwana alimpa Ayubu maradufu, tukaruka fungu la 11. Hapo ndugu zake, maumbu zake na wote waliomjua zamani walikuja nyumbani kwake, wakala chakula pamoja naye, wakamfariji, na kila mmoja akampa kipande cha fedha na pete ya dhahabu. Hawa ndio ambao katika sura ya 19 walikuwa wamejitenga naye. Fungu la 12 ndilo linalotaja kondoo, ngamia, ng'ombe na punda.

Angalia mpangilio. Walikula kwanza pamoja naye, kisha wakampa. Mchango bila kuketi mezani ungekuwa sadaka kwa maskini. Wao walimrudia kama ndugu. Tena kila mmoja alitoa kimoja. Hakuna aliyebeba mzigo wote, wala hakuna aliyekuja mikono mitupu.

Soma Yakobo 2:1–4. Kanisa linalompa mtu kiti cha mbele kwa sababu ya mchango wake limekwisha kumwandalia aibu siku atakapokosa cha kuchangia. Katika kanisa lenu, aliyefilisika bado anaombwa kufundisha darasa? Bado anatembelewa?

ALHAMISI: Kuzihesabu Siku

Soma Zaburi 90:10–12. Kuzijua siku zetu kuwa chache kunatuletea hekima gani?

Zaburi hii inabeba jina la Musa, aliyetoka katika jumba la Farao, akachunga kondoo wa mkwe wake Midiani, na akasimama mbele ya Farao akiwa na miaka 80 (Kutoka 7:7).

Kuhesabu siku ni pamoja na kuchagua kazi inayolingana na umri. Viazi mviringo huvunwa baada ya miezi mitatu au minne. Miche ya parachichi iliyobebeshwa huanza kuzaa baada ya miaka kama mitatu. Misindano ya mbao nzuri huhitaji miaka 15 na zaidi. Mwenye hekima hupanda viazi ale, parachichi zimtunze, na kama ana mahali, misindano kwa ajili ya wajukuu.

Hatari ni haraka ya kurudisha kila kitu. Aibu humsukuma mzee kwenye mikopo ya kausha damu, au kwenye upatu. Wengi wanaukumbuka upatu wa DECI uliofungwa mwaka 2009, ambao ulitumia maneno ya kupanda na kuvuna. Kupanda kwa kweli kuna jembe na majira.

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Joseph Bates, mmoja wa waasisi wa kanisa letu, alizaliwa mwaka 1792. Alikuwa nahodha wa meli, akastaafu mapema akiwa na akiba ya zaidi ya dola 10,000. Mali hiyo aliitumia kutangaza kurudi kwa Kristo. Baada ya Uchungu Mkuu wa mwaka 1844 alibaki na miaka 52, bila mali, na watu wakimcheka. Mwaka 1846 aliandika kijitabu kuhusu Sabato, akaendelea kusafiri na kuhubiri hadi uzee wake. Alikufa mwaka 1872. Utajiri ule haukurudi.

Ayubu alipewa maradufu. Naomi hakurudishiwa mume wala wana. Bates hakurudishiwa fedha. Mungu hakuwaahidi wote kiti cha zamani. Lakini kila mmoja alipewa kazi, na hakuna aliyeachwa peke yake. Mtoto aliyewekwa kifuani pa Naomi alikuwa Obedi, babu yake Daudi.

Maswali ya Kujadili:

1. Je, ni vigumu zaidi kupoteza mali au kupoteza heshima? Kwa nini?

2. Tunawezaje kumsaidia mzee aliyeanguka bila kumfanya ajione ombaomba? Tumieni Ayubu 42:11.

3. Je, kuna ndugu ambaye hajaonekana tangu biashara yake ilipofungwa? Kabla darasa halijafungwa, amueni ni nani watakaokwenda kula naye juma hili.