Jumatano: Yakobo Alitoroka, Musa Aliaga

Soma Mwanzo 31:1–31. Yakobo alikuwa na sababu gani za kumwacha Labani? Kwa nini aliondoka kwa siri?

Yakobo alikuwa na haki ya kuondoka. Ujira wake ulibadilishwa mara kumi, na Mungu mwenyewe alimwagiza arudi kwao (fungu la 3). Hata hivyo alingoja Labani aende kukata kondoo manyoya, ndipo akavuka mto bila kusema neno. Alipoulizwa, alikiri kwamba aliogopa. Mungu alimwambia aondoke, hakumwambia ajifiche. Aliyemwonya Labani katika ndoto (fungu la 24) angeweza kumlinda Yakobo hata kama angeaga.

Soma Kutoka 4:18. Musa alifanya nini baada ya kuitwa na Mungu?

Musa alikuwa ametoka kwenye kijiti kilichowaka moto. Hakuna wito mkubwa kuliko huo. Lakini hakuwaacha kondoo wa mkwewe mlimani. Alirudi kwa Yethro, akaomba ruhusa, akaondoka kwa amani.

Fikiria kijana Msabato aliye karani wa ghala katika chama cha msingi cha ushirika huko Nachingwea. Msimu wa korosho umepamba moto. Jioni anapigiwa simu: kuna nafasi kwenye mgodi wa madini ya kinywe wilayani Ruangwa, kwa mshahara mara mbili. Alfajiri anapanda gari, funguo za ghala zikiwa mfukoni. Wakulima wanafika na magunia yao, hakuna wa kuwapokea. Asiyepokelewa mzigo hana stakabadhi, na asiye na stakabadhi hana malipo mnada ukifanyika. Mjane aliyetegemea korosho hizo kwa ada ya mwanawe hakumkosea kijana huyo lolote. Tena, chama hicho ndicho kilichompa ruhusa kila Sabato. Msabato mwingine akija kuomba kazi hapo, atajibiwa nini?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi ya maandishi: siku zisizopungua 28 kwa aliyeajiriwa kwa mwezi, 4 kwa aliyeajiriwa kwa siku au kwa wiki, na 7 ikiwa notisi inatolewa ndani ya mwezi wa kwanza wa kazi. Mkristo hatosheki na kuhesabu siku. Anakabidhi funguo, daftari na fedha, na kumwelekeza anayempokea, kwa maana anamtumikia Bwana (Wakolosai 3:22–24).

Wengine husema, “Nikitoa notisi, tajiri atanifukuza leo leo na kuninyima mshahara.” Hofu hiyo ni ya Yakobo, na wakati mwingine ina msingi. Andika barua, weka nakala, nenda na shahidi. Ukidhulumiwa, ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Lakini aliye hatarini, kama binti wa kazi za ndani anayepigwa, aokoe maisha yake kwanza. Daudi hakubaki kumwaga Sauli aliyemrushia mkuki (1 Samweli 19:10).

Tafakari: Je, kuna kazi uliyoiacha bila kuaga? Ni nani bado anakudai neno, funguo au fedha? Utafanya nini kabla ya Sabato hii?