Mguso wa Kwanza



Ukitazama chandimu jioni pale Nyasho, utasikia kelele moja kila wakati: "Tuliza!" Mpira unakuja kwa kasi juu ya udongo na vijiwe. Anayekaza mguu, unamgonga na kuruka hadi kwa beki. Anayejua anaulegeza mguu na kuurudisha nyuma kidogo mpira unapofika. Kasi inaishia pale, mpira unalala. Wengine husema ni kipaji. Mimi nasema ni danadana na kupiga mpira ukutani, miaka na miaka.

Sasa, neno baya nalo huja kwa kasi. Mtu anakutukana kule mwaloni, au kejeli inaingia kwenye grupu la WhatsApp la kwaya. Ukiropoka kabla hujafikiri, je, ni kosa lako? Watu hujitetea: "Ilinitoka tu, sikukusudia."

Aristotle aliona kwamba ujasiri huonekana zaidi katika hatari ya ghafla kuliko ile uliyojiandaa nayo, kwa sababu muda wa kupiga hesabu haupo. Kinachotoka ni tabia. Mtakatifu Thomas wa Akwino alilitumia wazo hilo. Nakubaliana nao. Hukulichagua jibu lile dakika ile, ila ulikuwa ukilichagua kidogo kidogo siku zote ulizozoea kujibu hivyo. Anayesema "ilinitoka tu" anatuambia kilichokuwamo.

Lakini tusiwe wakali mno. Uwanja wa Karume, ambako Biashara United ilicheza Ligi Kuu kuanzia 2018 hadi 2022, una nyasi. Kwenye vijiwe mpira hudunda utakavyo wenyewe. Aliyekulia katika nyumba ya matusi naye anacheza kwenye vijiwe. Katekisimu, namba 1735, inakubali kwamba hofu na mazoea vyaweza kupunguza uwajibikaji, hata kuufuta. Sawa. Ila tangu ulijue hilo, umewahi kwenda ukutani kufanya mazoezi?

Halafu kuna wanaodhani mguu laini ni mguu dhaifu. Muulizeni beki! Mpira ukishatulizwa vizuri, tayari umeshaelekezwa upande asioutaka yeye. Someni Yohane 18: Yesu anapigwa kofi mbele ya Anasi. Harudishi kofi, wala hanyamazi. Anamtaka yule mlinzi aonyeshe ubaya uko wapi katika maneno yake, na kama haupo, aseme kwa nini amempiga. Yohane haandiki jibu lolote la mlinzi.