Gitaa Halimtaji Mtu

Jioni moja, baada ya sala ya magharibi, kijana wa mtaani kwetu Vuga alikuja barazani na kispika chake, akakitua katikati ya dhumna na vikombe vya kahawa, akatufungulia Gary Moore. Tulikuwa watu sita na hakuna aliyemwomba.

Kwa asiyemjua, Moore alizaliwa Belfast mwaka 1952, akapiga gitaa katika bendi ya Thin Lizzy, akajijengea jina kwa roki nzito, ya makelele hasa. Mwaka 1990 akageuka. Alitoa albamu ya bluzi, Still Got the Blues, akawaalika humo mafundi waliomtangulia, Albert King na Albert Collins. Katika albamu zake zote, hiyo ndiyo iliyopendwa zaidi na watu. Wimbo uliobeba jina la albamu una maneno machache ya kupenda na kupoteza. Yakishakwisha, gitaa linabaki peke yake, linalia, linanyamaza kidogo kama mtu anayevuta pumzi, linalia tena.

Ami yangu, fundi cherahani aliyestaafu kwa sababu ya macho, alishika kete mkononi asiitue.

"Anamwimbia nani huyu?"

"Hamwimbii mtu, ami. Bluzi hiyo."

"Haiwezekani. Mtu halii hivi bila ya kuwa na mtu."

Tulicheka. Lakini njiani kurudi nyumbani nilijiona nimecheka mapema, kwa sababu swali la ami ndilo swali letu sote hapa Unguja. Hatuulizi wimbo umetungwaje wala umepigwaje. Tunauliza kaimbiwa nani. Nenda taarab yoyote, ukumbini au uwanjani kwenye harusi ya Ng'ambo, utaona. Mwanamke ananyanyuka katikati ya ubeti, noti juu, anakwenda kutunza kwa hatua za madaha. Njia anayopita si ya bure. Anakizunguka kiti cha mtu fulani, anapunguza mwendo hapo, ndipo anaelekea jukwaani. Mwimbaji hakumtaja mtu. Aliyemtaja ni huyo msikilizaji, na ukumbi mzima umeshaelewa.

Ni ufundi mkubwa, sikatai. Nani mwingine duniani anayejibu wimbo kwa namna hiyo? Ila una gharama zake, na kwetu tumezilipa. Miaka ya 1990, vikundi vya TOT na Muungano vilipokuwa vikirushiana mipasho kule Dar es Salaam na kaseti zao zikivuka bahari kila wiki, mama yangu na jirani yetu wa ukuta kwa ukuta hawakusemeshana tangu mfungo mosi mpaka Ramadhani ikaingia. Sababu ni kaseti. Jirani alipiga wimbo mmoja mara tatu asubuhi moja, dirisha wazi. Mama alihesabu. Sahani za futari ndizo zilizowapatanisha, na hapo ndipo ilipofahamika kuwa mkanda ulikuwa unaliwa na redio, na yule mama wa watu alikuwa akiuvuta kwa penseli, anaurudisha, anajaribu tena. Wimbo wenyewe hakupata kuusikia mpaka mwisho hata siku moja.

Mwaka mzima mama alisikiliza wimbo akimtafuta jirani ndani yake. Sidhani aliwahi kujitafuta mwenyewe.

Msinifahamu vibaya. Si kila kidole kinachonyooshwa ndani ya wimbo ni cha uchokozi. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyechuuza vyungu kabla ya kuchukuliwa hadi Bombay mwaka 1928 kurekodiwa santuri, alinyoosha kidole waziwazi. Wimbo wake wa Kijiti unasimulia mwanamke aliyeuliwa, muuaji aliyevuka akenda zake bara, na mahakama iliyowaadhibu wanawake waliosimama kutoa ushahidi. Watu waliokusanyika kwenye mikahawa kusikiliza sahani zile walijua anayesemwa, na ilikuwa haki yao kujua. Wanyonge walikuwa wakiisuta mahakama. Kati ya hapo na sisi kuna mahali tulipouchukua wembe ule wa Siti tukaugeuzia ndani, tukaanza kukatana nao wenyewe kwa wenyewe dirishani.

Mwaka 2020 kitukuu cha Siti, Siti Muharam, alitoa albamu yenye nyimbo za bibi yake, muziki ukisimamiwa na mwanamuziki Matona. Walioinunua London na kwengineko, wengi wao hawajui Kiswahili. Hawana habari ya fumbo, hawajui nani alimsema nani. Wanachopata ni sauti ya mwanamke na udi chini yake. Zamani nikiwahurumia watu wa namna hiyo. Nilidhani wanakula ganda la embe. Tangu jioni ile ya barazani sina hakika tena. Labda nasi tunakula kokwa tu.

Maana gitaa la Moore lilitufanya sisi kuwa wageni vilevile. Lilikuwa linasema jambo, hilo halikuwa na shaka, lakini hapakuwa na jina la kulikamata wala kiti cha kukizunguka. Nilijaribu kumfikiria mtu wa kumtupia kilio kile nikamkosa, kikanirudia mwenyewe. Nikakumbuka barua moja ambayo sikuijibu. Sikusema kitu. Wenzangu nao walikuwa wameinamia kete zao, na zamu ya kucheza ilikuwa ya nani, hakuna aliyeuliza.

Wimbo ulipokwisha ami alisema, "Hebu urudishe." Kijana akaurudisha. Safari hii ami hakuuliza anaimbiwa nani. Mkewe ametangulia mbele ya haki, huu mwaka wa pili, na tangu hapo huwa anakaa barazani mpaka muuza kahawa afungashe dele lake.

Gitaa lilipobaki peke yake, ami alisimama polepole, akashika goti, akaingiza mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa noti ya elfu moja. Hakumzunguka mtu. Akaiweka juu ya kispika.

"Ya nini, ami?" kijana akauliza.

"Ya kuchajia," akasema, akaketi.